Mlima Unavyokula Majani

Safari hii niliianza kwa kupiga magoti. Nilikuwa Himo, nyuma ya nyumba ya rafiki yangu, chini ya mgunga, nimenyoosha kidole cha shahada kama mpishi anayepima maji ya wali. Nilitaka kujua kidole kitazama kiasi gani kwenye majani makavu kabla hakijagusa udongo. Hakikuzama. Kucha iligonga ardhi ngumu, vumbi likanirukia usoni, watoto wa nyumba ile wakacheka.

Ilikuwa mwisho wa Septemba na vuli haijafika. Upepo ulikuwa umeyasomba majani ya uani na kuyalundika kwenye ukuta wa tofali, pembeni kabisa, mahali ambapo ufagio haufiki. Nilipoyachambua nikatoa jani la mwembe ambalo shemeji, mke wa rafiki yangu, aliniapia kwamba lipo pale tangu Juni. Lilikuwa zima. Limepauka na kujikunja kama karatasi ya kufungia maandazi, lakini mshipa wa kati upo, kingo zipo, hata kikonyo kipo. Ukilifinya linavunjika, lakini kuoza halijaoza. Kuvunjika na kuoza ni mambo mawili, na kwa ajili ya tofauti hiyo nilikuwa nimelipa nauli ya basi kutoka Dar es Salaam na kujiandaa kupanda Kilimanjaro bila nia ya kufika Kibo.

"Mimi haya nayachoma tu, shemeji," aliniambia. "Yakikaa yanaleta nyoka."

Sikumbishia. Hata mimi kwangu nimechoma majani ya mwarobaini miaka mingi, majirani wakakohoa, na kila siku ya moto nilijiona nimefanya usafi.

Joto la Himo lingetosha kuozesha chochote. Moshi mjini, mita 800 na ushei kutoka usawa wa bahari, wastani wa mwaka ni kama nyuzi 23. Kinachokosekana ni maji. Bakteria na kuvu hawana meno. Hutema vimeng'enya juu ya jani, wakasubiri liyeyuke, ndipo wakanywa. Pasipo utando wa maji hakuna kinachoyeyuka, na wao hulala wakingoja mvua hata kama jua linawaka.

Anayeweza kula bila kungoja mvua ni mchwa. Hatua chache kutoka ukutani niliona jani jingine la mwembe limenata chini, nikalibandua. Upande wa juu lilikuwa kama jani lolote kavu. Upande wa chini palikuwa na kizibo cha udongo laini, wenye unyevu, uliopakwa kwa ustadi kama lipu, na ndani yake mchwa watano au sita walikimbizana kutafuta giza. Nusu ya unene wa jani ilikuwa imeshaliwa kutoka chini. Mchwa hujenga paa lake na kukaa na unyevu wake humo. Wale wa vichuguu vikubwa, kama kile kilichoonekana ng'ambo ya ua, hupeleka majani ndani na kulima kuvu juu yake, kisha wakala walichokilima. Sisi tunawafahamu zaidi siku ile mvua inapokata ghafla na kumbikumbi wakajaa kwenye taa.

Kabla ya kuondoka nilichimba kishimo chini ya mgunga, nikafukia kifuko cha chai, nikaweka jiwe juu. Shemeji alinitazama bila kuuliza kitu. Bibi wa Marangu aliuliza.

Ukipanda kutoka Himo kwenda Marangu, gari halimalizi nusu saa kabla hujabadili nchi. Mahindi yaliyokauka yanabaki nyuma, barabara inaanza kupinda, halafu kijani kinakufunga pande zote. Bibi huyu ni mama wa mtu niliyesoma naye. Kihamba chake kipo juu kidogo ya Marangu Mtoni, kimezungushiwa masale, na ndani yake mfongo, mfereji wa maji wa Kichaga, unapita ukinong'ona kama mtu anayesali peke yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Umekuja kuuza nini?"

Nilimweleza kwamba nimekuja kutazama majani yanavyooza. Alinyamaza, akaniangalia viatu, halafu akacheka hadi akashika mgomba. Baada ya hapo akawa mwalimu wangu kwa saa mbili.

Kihamba ni shamba la ghorofa. Juu kabisa ipo mringaringa na mruka, mgrevilea na mparachichi vikiwa pembeni. Chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi, na chini ya vyote hivyo tandiko la majani ambalo hakuna anayelifagia. Uwanja mbele ya nyumba ulikuwa umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana, lakini hatua kumi tu nyuma ya nyumba ufagio ni mwiko. Bibi hukata majani ya mgomba yaliyokauka, huyalaza kwenye mashina ya kahawa, na juu yake humwaga samadi ya ng'ombe wake wawili wa zizini.

Nilipima. Kidole kilizama chote. Safu ya juu ilikuwa majani makavu yanayolia, ya pili majani laini yaliyonata kama kurasa za kitabu kilicholowa, ya tatu haikuwa na majani tena bali vipande vyeusi, na nilipofika udongoni nyungunyungu mnene alirudi shimoni kwa haraka nisiyoitegemea kwa mnyama asiye na miguu. Hewa iliyotoka pale ilinukia mvua, ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa wiki kadhaa. Kivuli, mfongo na lile tandiko lenyewe vilikuwa vimeutunza unyevu.

"Haya hayafanani," bibi alisema, akiokota majani mawili. La kwanza lilikuwa la mringaringa, pana, limeshatoboka. "Hili halimalizi masika, linaisha." La pili lilikuwa la mgrevilea, limechanikachanika kama unyoya, kijivu kwa chini. "Hili lina kiburi. Unaliweka leo, mwakani unalikuta linakuangalia."

Kiburi hicho wataalamu wamekipa jina: lignini, ile gundi ngumu inayoufanya mti uwe mti. Jani lenye lignini nyingi na naitrojeni kidogo ni chakula kikavu kisicho na mboga, na wadogo wa udongoni hukiacha hadi mwisho. Jani laini lenye naitrojeni, kama la mruka ambao ni jamii ya mikunde, hugombaniwa. Kwa hiyo ukiweka majani mawili mahali pamoja, siku moja, mvua moja, moja litaondoka na jingine litabaki. Bibi alikuwa analijua hilo kwa kuinama. Mgrevilea anautaka kwa mbao na kuni, na majani yake huyatupa kwenye njia ili miguu isiteleze. Sijui kama kuna kitabu cha kilimo kilichowahi kuyapa matumizi bora zaidi ya hayo.

Ndipo nikatoa kifuko changu cha pili cha chai na kuomba ruhusa ya kukifukia.

"Unapanda chai?"

Nilicheka, nikaeleza. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Joost Keuskamp walipendekeza njia rahisi ya kupima mwendo wa kuoza duniani kote: nunua vifuko vya chai ya kijani na vya rooibos, vipime uzito, vifukie sentimita 8 ardhini, vifukue baada ya siku 90 hivi, kisha vipime tena. Chai ya kijani huoza upesi na rooibos huoza polepole, kwa hiyo ukizisoma pamoja unaijua tabia ya udongo wako. Na kwa kuwa chai ni ile ile, tofauti inayoonekana kati ya Uholanzi na Uchagani ni ya hali ya hewa na udongo, si ya jani. Watafiti wawili, Becker na Kuzyakov, walifanya hivyo kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, katika mazingira 12, kuanzia savana hadi juu kwenye baridi, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Mimi nilikuwa na chai nyeusi ya dukani, ya kifuko cha karatasi, na mizani sina. Yangu ilikuwa mchezo tu.

"Siku tisini," bibi alisema, akihesabu. "Basi utakuja Krismasi kama watu wote."

Asubuhi iliyofuata niliingia lango la Marangu, mita 1,879, pamoja na kijana mwongozaji na wagumu wawili, kama wapagazi wa hapa wanavyojiita. Niliwaambia mapema kwamba nitakuwa nasimama mara nyingi. Hawakudhani kama ningekuwa napiga magoti. Kundi la Wajerumani lilisimama kunisaidia kutafuta nilichopoteza, na mgumu mmoja akawajibu kwa niaba yangu, kwa Kiingereza chake kizuri, kwamba mzee amepoteza majani.

Nilitegemea kwamba msitu huu, ambamo kila kitu kimevaa kuvu mwani na mikangaga, ambapo mbega wanarukia matawi na majani yanamwagika mwaka mzima, ungekuwa na zulia nene kuliko popote. Nikapima. Kidole kilizama hadi kiungo cha kwanza tu. Nikadhani nimekosea mahali, nikahama, nikapima tena chini ya mmakaranga mkubwa. Ilikuwa vile vile: safu moja au mbili za majani, chini yake udongo mweusi, laini, baridi kama unga uliotoka stoo.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba wembamba ule haukuwa umaskini. Zulia ni jembamba kwa sababu linaliwa upesi. Nilifunua jani moja nikalikuta limebaki mishipa tupu, kimia cha jani, kila tundu limeondolewa nyama yake kwa usafi ambao fundi wa kutarizi angeuonea wivu. Lililokuwa chini yake lilikuwa limeshikwa na nyuzi nyeupe za kuvu, nyembamba kuliko uzi wa buibui, zikitoka jani hadi jani kama nyaya za simu za zamani. Jongoo alipita katikati yao bila kuharakisha. Nililirudisha lile la kimia mahali pake. Ndani ya hifadhi hata jani bovu si mali yako.

Hapa ndipo hesabu ya wale watafiti wa chai inapokaa sawa. Katika mteremko mzima, chai yao iliozea upesi zaidi kwenye msitu wa mawingu, kati ya mita 1,920 na 2,120, kwa mwendo wa karibu mara tatu ya ule wa savana. Ukipanda zaidi ya hapo mwendo unashuka tena. Chini kuna joto bila maji, juu kuna maji bila joto, na katikati, kwenye mkanda huu wa kutembea saa moja, vimekutana. Mvua ya kusini mwa mlima inafikia kilele chake hapa hapa, kwenye mita 2,200 hivi, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na joto bado ni la kuvaa sweta jepesi.

Tulilala kambi ya Mandara. Ni nyumba nzuri za mbao, supu ilikuwa ya moto, sina la zaidi.

Siku ya pili miti ilianza kufupika. Msitu uliisha karibu ghafla, tukaingia kwenye erika: vichaka na vijiti virefu vyenye majani membamba kama sindano za cherehani, vimening'iniza ndevu za kijani kibichi kilichofifia. Ukungu ulikuwa unapita chini chini, unagusa matawi, unaacha matone. Mwongozaji alisema, "Haya, kaka, hapa pima." Alikuwa ameanza kuupenda mchezo.

Kidole kilizama chote bila kugusa kitu. Nikaingiza kiganja. Nikafika kifundo cha mkono na bado nilikuwa kwenye majani: sindano juu ya sindano, kahawia, kisha kahawia nzito, kisha nyeusi ya nyuzinyuzi, kama tumbaku iliyoloweshwa. Nilichota konzi nikaifinya, maji yakatiririka kiwikoni. Yapo maji ya kutosha, basi kwa nini hayaliwi? Sehemu ya jibu ilikuwa vidole vyangu, ambavyo vilikuwa vimekufa ganzi. Kwa kila mita 100 unazopanda joto hushuka kwa nusu nyuzi na zaidi kidogo, na viumbe wa udongoni, kwa kipimo cha kawaida, hupunguza kazi kwa nusu kila joto linaposhuka nyuzi 10. Sehemu nyingine ni jani lenyewe: dogo, gumu, lenye nta, lenye tindikali. Erika ni mgrevilea wa bibi aliyehamia kwenye friji.

Jani lisiloliwa halipotei. Linangoja, na anayekuja kulila mara nyingi ni moto. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto uliwaka Whona, mahali pa mapumziko kwenye njia hii, kati ya kambi za Mandara na Horombo, ukasambaa siku baada ya siku huku mamia ya watu, wakiwemo wanafunzi na wenyeji wa vijiji vya chini, wakipanda na matawi na mapanga kuuzima. Watu walibishana sana nani aliuwasha. Hilo ni swali la polisi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti juu ya swali jingine, la kuni zilizokuwa zinasubiri. Ukungu ukikosekana wiki chache, tandiko hili lenye kina cha kiganja linakauka, na cheche moja inatosha. Ule msitu wa chini wenye zulia jembamba hauwaki kirahisi. Ulishakula kuni zake. Huku juu bado yapo mashina meusi, yamesimama kama vijiti vya kiberiti vilivyotumika, na katikati yao erika mpya imefika magotini.

Kwa maoni yangu, kila mpanda mlima anayefundishwa kunywa maji na kwenda pole pole angefundishwa pia kuingiza mkono hapa mara moja. Mtu aliyeshika tandiko lile hatupi kipande cha sigara.

Horombo, mita 3,720, tulifika saa tisa. Senesio kubwa zilikuwa zimesimama kwenye mkondo wa maji kama watu waliojifunika mablanketi, na blanketi lenyewe ni majani yake yaliyokufa. Hayaanguki. Jani likifa linainama, linakauka, linalala juu ya wenzake shinani, na miaka inapita. Usiku joto likishuka chini ya sifuri, koti hilo huzuia maji ya ndani ya shina yasigande. Chini kule jani lililokufa ni chakula cha wengine. Hapa mti umelikatalia, umelivaa. Nililigusa moja la chini kabisa, la siku nyingi. Lilikuwa na ukavu wa ngozi ya ngoma.

Nyuma ya jiwe, mita chache kutoka njiani, mtu alikuwa ametupa ganda la chungwa na kifuko cha chai. Ganda limekuwa gumu kama kigae, rangi bado ipo. Kifuko kilikuwa kizima na karatasi yake ya jina ilisomeka, pamoja na rangi nyekundu ya nembo. Mwongozaji alikigeuza kwa ncha ya fimbo. "Hiki cha msimu uliopita," alisema, "au wa kabla yake." Wageni wengi, aliniambia, hutupa maganda ya matunda bila hatia, wakisema yataoza. Kwao yanaoza. Alivitia vyote viwili kwenye mfuko wa taka, tukashuka navyo kesho yake.

Nilirudi Desemba 28. Mabasi yalikuwa yamejaa Wachaga, maboksi na mabeseni, nauli imepanda kama kila Krismasi, na nilisimama kutoka Mombo hadi Same. Vuli ilikuwa imenyesha, Marangu vizuri, Himo kwa kusuasua.

Kwa bibi nilifukua mbele ya wajukuu kumi na mmoja. Kifuko kiliraruka nilipokivuta, karatasi imekuwa kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Chai ilikuwa bado ipo, lakini imepungua, nyeusi, imeshikana na mizizi midogo ya mgomba iliyokuja yenyewe kuitafuta. Nilipoinusa haikunukia chai hata kidogo. Bibi aliichukua mkononi mwangu akaitupa kwenye shina la kahawa, bila kunisubiri nipige picha.

Himo niliondoa jiwe nikiwa na uhakika wa nitakachokikuta: kifuko kikavu, karibu kizima, kama hesabu ya savana inavyosema. Nikachimba sentimita nane, nikachimba kumi na tano. Shemeji akaniletea kijiko kikubwa. Vifuko vya wale watafiti vina matundu madogo sana, mchwa hapiti, kwa hiyo walichopima ni kazi ya kuvu na bakteria peke yao. Changu kilikuwa cha karatasi. Chai haikuwepo, karatasi haikuwepo, uzi wa pamba haukuwepo. Palikuwa na njia ndogo ya udongo laini ikielekea upande wa kichuguu, na pini moja ya stepla.